Mwongozo wa Mkata Anayevuka Holili

Usije na pesa nyingi. Hilo ndilo la kwanza, na wengi hulikosea wakiwa bado nyumbani kwao wakifunga begi.

Mwenye pesa nyingi akija Taita Taveta, tunajua anakopelekwa. Hupokelewa na gari lenye paa la kufunguka, huingizwa mbugani kabla hajakung'uta vumbi la safari, hulazwa kwenye hoteli iliyoinuliwa juu ya nguzo ili amtazame ndovu akinywa maji, kisha hurudishwa uwanja wa ndege. Mwulize Taita ni wapi, atakutajia hoteli. Namwonea huruma, na nasema hivyo bila kumcheka. Kaunti yetu ina kilomita za mraba 17,084, na karibu asilimia 62 ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sisi wenye kupika na kuzika, watu 340,671 kwa sensa ya mwaka 2019, tumebanana kwenye sehemu iliyobaki pamoja na ranchi na mashamba ya mkonge. Yeye amelipia zile 62. Wewe kijana wa Moshi, Same au Tanga, uliye na begi moja na laki tatu za Kitanzania, zile 62 huziwezi. Ukata wako utakusukuma kwenye hizi 38 zetu, na huku ndiko waliko watu. Basi mwongozo huu ni wako, na kila agizo lililomo nimelijaribu kwa miguu yangu.

Najua unachotaka kusema: Kenya si ng'ambo. Ni kweli kwamba Kitaveta na Chasu cha Wapare ni ndugu wa karibu, na mstari uliowatenga ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 bila kumwuliza mtu wa Taveta wala wa Upare. Lakini mpaka ni mpaka. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho. Tanzania haimo katika makubaliano hayo, kwa hiyo njoo na pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Viza huhitaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke ndani ya pasipoti, isiwe chini kabisa ya begi, maana ukianza kuitafuta mbele ya dirisha, nguo moja baada ya nyingine, foleni yote itajua umebeba soksi ngapi. Siku hizi unagongewa muhuri wa kutoka kwenu na wa kuingia kwetu chini ya paa moja, upande wa Taveta. Ni kazi fupi.

Nje ya hapo atatokea kijana wa bodaboda akwambie ipo njia ya panya, bei poa, hakuna foleni. Kataa. Sisemi hivyo kwa sababu ya polisi peke yao. Mgeni asiye na muhuri hawezi kulala kwa watu bila kuwatia wenyeji wake mashakani, na mwongozo huu wote umesimama juu ya kulala kwa watu.

Sasa pesa. Shilingi 1 ya Kenya hucheza karibu na shilingi 20 za Tanzania, kwa hiyo laki tatu zako zitaingia mkononi mwa mbadilishaji zikiwa donge na kutoka zikiwa elfu kumi na tano au pungufu, noti chache zinazoenea kwenye kiganja. Usishtuke. Ukishabadilisha, acha kuzidisha. Kijana anayezidisha kwa ishirini kila anapoulizwa bei hatakunywa chai hadi afike Voi, na atafika amekasirika. Jifunze majina badala yake: mbao ni ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia. Buku lako la kwenu, yaani elfu, huku ni kitabu cha mwanafunzi. Neno moja tu usilibadilishe: "naomba". Sisi tumezoea kusema "leta chai", na anayeileta amezoea kuambiwa hivyo. Ukimwambia "naomba chai, dada", atageuka akutazame. Chai itakuja mapema.

Na shikamoo. Wazee wetu hawaamkiwi hivyo kila siku kama wenu, lakini wote wanaijua, na wakiipata kutoka kwa kijana mwenye begi mgongoni huitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Katika vyote unavyovuka navyo pale mpakani Holili, shikamoo ndiyo pekee ambayo thamani yake hupanda.

Begi liwe la kupakata. Ukiweza kulikalisha mapajani kuanzia Taveta hadi Mwatate bila kumziba jirani yako, ni begi. Ukishindwa, ni abiria, na makanga atalitoza kiti.

Panga kuvuka Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Taveta. Utakuta ndizi. Sina namna nyingine ya kusema: utakuta ndizi zimelala barabarani mkungu kwa mkungu, zinapakiwa kwenye malori ya kwenda Mombasa na Nairobi, na katikati yake vitunguu, nyanya, mitumba, na wanawake wanaokokotoa kwa sarafu za nchi mbili kwa wakati mmoja bila kikokotoo. Nunua chana moja. Ndizi ndiyo chakula cha msafiri kilichokamilika; haihitaji kuoshwa, haimwagiki, na ganda lake ukimpa mbuzi umepata rafiki.

Ila usipatane bei kama mwehu. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Wasafiri wa begi wana ugonjwa mmoja unaofanana dunia nzima: hujisifu kwa kupunguziwa. Niliwahi kumwona mmoja sokoni hapo, kijana mwenye viatu vya kupandia mlima ambavyo bei yake ingemlipia mtoto karo ya muhula, akimkomalia mama mmoja kwa shilingi kumi. Alikaa hapo kitambo kirefu, anaondoka, anarudi, anacheka, anashika moyo. Yule mama alikuwa amekaa juu ya gunia tangu usiku. Mwishoni alimpa kwa bei aliyotaka, kisha akavunja ndizi moja kutoka chana nyingine akamwongeza, akamwambia, "Chukua mwanangu, usije ukafika na njaa." Kijana akaondoka akiwaonyesha wenzake vidole, kumi pungufu. Hakuelewa kwamba amepewa zaka. Ukata si kibali cha kumkamua mwenye kidogo kuliko wewe. Bei ukiona ni ya haki, lipa; ukiona imekushinda, sema "imenishinda, mama", uondoke. Mara nyingi utaitwa.

Kutoka mjini unaweza kwenda Ziwa Chala kwa bodaboda. Patana kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, maana bei ya kurudi inayotajwa ukiwa peke yako ukingoni mwa shimo la volkeno ni bei nyingine. Ziwa limekaa ndani ya kreta, kina chake ni kama mita 90, na mpaka wa nchi zetu unapita juu ya maji yake. Usioge. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba humo. Keti ukingoni, kula ndizi yako, utazame mlima wenu kwa upande ambao hukuuzoea: kutoka huku Mawenzi yenye meno ndiyo iliyo karibu, na Kibo imesogea pembeni kama mzee aliyempisha mdogo wake kwenye picha. Ziwa Jipe nalo ni zuri, lina viboko na wavuvi na milima ya Pare ng'ambo ya maji, lakini linataka siku nzima. Kama siku huna, liache.

Usiache Salaita. Ni kilima kidogo mashariki ya Taveta, huwezi kukijua kama hukuonyeshwa. Wajerumani waliuteka mji wa Taveta Agosti 1914, na tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa wa vita vya huku walipanda kukishambulia kilima hicho wakarudishwa na askari Waafrika waliopigana chini ya Wajerumani. Reli ilitandikwa kutoka Voi kuja upande huu kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Mjini Taveta, na Voi pia, kuna makaburi ya vita yaliyotunzwa, nyasi zimekatwa, mawe meupe yamepangwa. Hakuna kiingilio.

Mwenye begi mgongoni anapaswa kuingia humo kwa sababu hii. Waliobeba mizigo ya vita hivyo walikuwa wapagazi, watu wa huku na wa kwenu, wengi wao wamekamatwa kwa nguvu vijijini. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25, kichwani, kwa miguu, nchi kwa nchi, kwa chakula ambacho wengine hawakuwahi kukila kwao na ambacho matumbo yao yalikikataa. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na magonjwa na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikakigeuza jina, na wewe umekwenda mara ngapi Kariakoo kununua shati bila kujua kwamba unatamka jina lao? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wapagazi na askari wa Afrika hawakukumbukwa kwa usawa na wengine. Kwa hiyo ukiingia hapo vua begi, lishike mkononi, pita safu kwa safu ukisoma majina. Utaona mwenyewe ni nani asiyekuwepo.

Ukitoka, uliza wapi ilipo ngome ya Grogan. Ni jumba kubwa juu ya kilima karibu na Taveta, alilojenga Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, katika miaka ya 1930. Grogan anatajwa hadi leo kama mmoja wa wasafiri wakuu wa Afrika kwa kuwa aliunga safari kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Miaka michache baadaye, 1907, aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa kwa muda mfupi. Mimi nikisikia mtu anaitwa msafiri mkuu huuliza swali moja: begi lake lilibebwa na nani? Wewe unabeba lako. Kwa hesabu yangu hilo linakuweka mbele ya Grogan kabla hujamaliza kilomita ya kwanza.

Sasa panda matatu ya Mwatate na udai dirisha. Lami siku hizi imefika hadi mpakani, na kipande kimoja cha barabara hiyo kinakata ndani ya Tsavo Magharibi. Huko ndovu, ambao nyinyi huwaita tembo, huvuka barabara wakiwa wamejipaka udongo mwekundu hadi masikioni, na yule mwenye gari la paa la kufunguka analipia kuwaona ndugu wa hawa hawa. Wewe umelipia nauli tu. Chooni nenda kabla ya kuondoka Taveta, maana dereva hatakusimamishia huko na mimi siwezi kumlaumu.

Kama kuna mtu atakayekufuata kwenye steji na kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake kijiwe cha kijani, usinunue. Hiyo ni tsavoraiti, au kipande cha chupa. Kito chenyewe kiligunduliwa kwenu Tanzania mwaka 1967 na kuonekana huku Taita miaka michache baadaye. Jina la Tsavo kilipewa 1974, kikaanza kuvaliwa New York. Wachimbaji wetu wadogo wamefukia humo maisha yao. Huwezi kukitambua kwa macho kwenye steji, na huna pesa ya kukosea. Mwambie "hapana, kaka", uendelee.

Mwatate ndiyo makao makuu ya kaunti, na ndiyo mahali pa kubadilisha matatu. Mkonge utakaouona umesimama mstari hadi macho yachoke utakukumbusha Tanga. Kunywa maji, toa sweta. Najua jua ni kali, toa sweta. Kutoka hapa gari linapanda Wundanyi kwa kona zinazorudiana, na kila kona hewa inapoa. Vijana wa Voi huja huku na shati moja wakarudi na kikohozi.

Milima hii si migeni kwako. Ni mwanzo wa safu ile ile ya milima ya Tao la Mashariki inayoshuka Pare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa. Umevuka mpaka, milima haikuvuka kitu. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Msitu wa Ngangao umesimama juu ya jabali kama nywele zilizobaki kichwani, kwa sababu misitu yetu ya asili imekatwa ikabaki vipande, na ndani ya vipande hivyo wamo ndege ambao hawapo kwingine duniani, kama kurumbiza wa Taita, mwenye ubavu wa rangi ya kutu anayekwangua majani makavu chini. Katika msitu wa Mbololo kuna ua dogo la zambarau, jamaa wa lile lililochukuliwa Usambara enzi za Wajerumani na ambalo leo limo kwenye vyungu vya madirisha ya nusu ya Ulaya. La Mbololo liko Mbololo tu. Ingia na kijana mwenyeji, mlipe ujira wake wote, na using'oe kitu.

Ukiuliza njia utaambiwa "hapo tu". Sikiliza mkono, usisikilize neno. Mkono ukinyooka usawa wa bega, ni dakika kumi. Ukiinuka juu ya kichwa na kidole kikatikisika, ni saa nzima ya kupanda, na mwenye kukuelekeza huenda akaamua kukusindikiza. Mkubalie. Yeye anaona ni hapo tu kwa kuwa hupanda kila siku na debe la maji.

Utasikia habari za mapango ya mafuvu. Ni kweli. Wazee wa Wadawida, yaani Wataita wa milima hii, walikuwa wakifukua fuvu la mkubwa wa ukoo baada ya muda na kuliweka kwenye pango la jamaa, pamoja na wenzake, mahali pa kuendea wakati wa ukame au ugonjwa. Usiende bila mzee wa mahali hapo. Simu ibaki mfukoni. Kuna wageni waliowahi kupiga picha wakiwa wamechuchumaa kati ya mafuvu wakitabasamu, nami sijui ningefanya nini kama lile la kushoto lingekuwa la babu yangu. Mzee akisema leo hatuendi, basi leo hamwendi, na hakuna pesa ya kumwongeza.

Kuhusu kulala. Wundanyi ina lojing'i za bei ndogo, na mwongozo wa kawaida ungekutajia tatu. Mimi nitakueleza lililonipata nikiwa na umri wako.

Nilifika jioni, mvua inanyesha, matatu ya mwisho ya kushuka imeondoka, na mfukoni nina nauli ya kesho peke yake. Nikajibanza kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai. Alikuwa anafunga. Hakuniuliza jina, aliniuliza kama nimekula, na nilipochelewa kujibu akanipa sufuria nishike, tukaondoka. Nyumbani kwake alinipa beseni moja la maji ya moto na akasema ndilo. Kisha akakaa kwenye kigoda, sufuria kati ya miguu, akaanza kuponda kimanga. Ni maharagwe na muhogo na viazi vitamu vilivyochemshwa pamoja hadi vikakata tamaa ya kutofautiana. Alikuwa anaushika mwiko kwa mikono miwili, anakandamiza, anazungusha, anakwangua pembeni, anakandamiza tena, na mvuke unampanda usoni anafumba jicho moja bila kusimama. Maharagwe mazima yaliyobaki aliyasaka moja moja. Akanikatia donge kubwa, juu yake akapitisha mgongo wa kijiko pakawa laini kama ukuta uliopigwa lipu, akanipa na chai ya rangi. Nilikula nikanyamaza. Sijui mlo mwingine niliowahi kula ukanifika hadi magotini.

Asubuhi alikataa pesa. Nikaweka noti yangu chini ya kikombe, nikaaga, nikashuka steji. Gari halijajaa nikasikia naitwa. Alikuwa amekuja mbio na kanga kichwani, ananinyooshea ile noti mbele ya abiria wote. "Mwanangu," akasema, "ulilala. Hukupanga."

Tangu siku hiyo najua jinsi ya kulipa, na ndiyo agizo kuu la mwongozo huu. Ukipanda huku nunua Mwatate kilo ya sukari, majani ya chai, kipande cha sabuni. Viweke juu kabisa ya begi. Ukikaribishwa, vitoe mapema, mkononi mwa mama mwenye nyumba, bila maelezo. Hivyo havikataliwi. Maji ukipewa beseni moja, oga kwa beseni moja na usiulize la pili. Chemchemi za Mzima zimo ndani ya kaunti hii hii, katika Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 maji yake yamekuwa yakisafirishwa kwa bomba hadi Mombasa, ilhali vijiji vyetu vingi hununua maji kwa mtungi. Lile beseni limepandishwa mlimani na mtu.

Siku ya tatu shika jembe. Methali unaijua, imezaliwa kwa watu wetu wote. Wengi huitaja wakicheka, lakini kwenye shamba la maharagwe la ngazi-ngazi juu ya Wundanyi ni ratiba. Hata kama huwezi kulima, chota maji, menya muhogo, mshike mtoto mama asuke. Ukisema "chawucha", ambalo ni asante kwa Kidawida, utasahihishwa matamshi na watu watatu kwa pamoja. Rudia hadi waridhike.

Ukishuka Voi utakutana na joto mlangoni. Huu ni mji ambao Kenya nzima imewahi kuufikia na wachache wamewahi kuutembelea. Mabasi ya Nairobi na Mombasa husimama, watu hukimbilia choo na sambusa, honi inalia, wameondoka. Kaa siku moja. Pata lojing'i yenye feni, kisha asubuhi nenda Sagalla ya chini ukaone mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki. Wakulima wa hapa walikuwa wakilima mahindi mwaka mzima na ndovu anayavuna usiku mmoja. Ikaonekana kwamba ndovu, pamoja na ukubwa wake, anamwogopa nyuki. Basi mizinga imening'inizwa kwa waya, kila baada ya mita 10 hivi. Mnyama akiusukuma waya ili apite, mizinga yote inatikisika na wenyewe wanatoka. Asali inabaki kwa mkulima. Nunua chupa moja, nayo usiombe upunguziwe, kwa sababu aliyeirina amelala miezi mingapi akisikiliza kama waya umelia. Na usitembee huko alfajiri wala magharibi. Hao ndovu hawajui kwamba wewe ni mgeni.

Ukitaka kuendelea Mombasa, treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina kituo Voi. Chagua ile inayosimama vituo vya njiani. Ukitaka kurudi kwenu, rudi kwa barabara uliyojia, asali ikiwa mapajani na sweta ikiwa tayari, na utaona kwamba noti ulizobaki nazo ni nyingi kuliko ulivyohesabu pale mpakani.

Kabla hujavuka, kuna deni moja. Yule mama aliyekulaza aliandika namba yako kwenye kifuniko cha boksi la chai na wewe ukaandika yake. Usingoje wiki. Ukishuka Moshi, kabla hujafika nyumbani, weka vocha umpigie. Hatakuuliza umeona nini wala umependa wapi. Atakuuliza kama umekula.